Yatima Mwenye Mama

Mpaka leo nina hasira na mwalimu yule, na sitajifanya nimemsamehe. Yeye ndiye aliyekuwa mwelekezaji wa kikundi chetu cha maigizo pale Kitale, mwalimu wa sekondari mwenye sauti kubwa na skafu shingoni hata jua likiwaka. Hakuna aliyelipwa. Tulikuwa walimu, karani mmoja, nesi na waimba kwaya, tukifanya mazoezi kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi ni fundi cherehani, kwa hivyo nikapewa mavazi.

Mwaka huo tuliamua kuonyesha mchezo wa zamani wa nyimbo kutoka ng'ambo, unaohusu watoto wa nyumba ya mayatima. Nikanunua mitumba ya kuvalisha watoto kumi na wawili tuliowachagua waigize, nikakaa wiki nzima nikiichana na kuisugua kwa mkaa. Fundi kuchana nguo, jamani. Nikawagawia watoto waende nazo nyumbani, wazizoee.

Jumamosi iliyofuata zilirudi zimefuliwa, zimetiwa viraka, vifungo vimeshikizwa, pasi imepita. Kaptura moja ilikuwa na mkunjo wa kukukata kidole. Ni mama gani wa Kitale atamtoa mtoto wake mbele za watu na nguo imepasuka? Hata mimi nisingemtoa wangu. Nilicheka sana. Mwalimu hakucheka.

"Ati nini hii? Niliomba mayatima, nyinyi mmeniletea harusi," alisema.

Akawapanga mstari, akaanza kuwakagua mmoja mmoja, mpaka akamfikia msichana wa miaka tisa kutoka Kibomet. Huyu ndiye angeimba ule wimbo mkuu, wa yatima anayeuliza mamake yuko wapi. Mwalimu akamshika mkono, akamleta mbele.

"Tazameni huyu. Huyu peke yake ndiye amenielewa. Bega limechanika, pindo linaning'inia, hata rangi huwezi kujua ni gani. Hivi ndivyo yatima anavaa. Mpigieni makofi."

Watoto wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimepakata mkoba wangu, na ndani ya mkoba kulikuwa na nguo ya huyo msichana, ile niliyomchania, kwa sababu siku ya kugawa hakuja. Aliyovaa ilikuwa yake ya nyumbani.

Si ningesema? Ningeinuka tu niseme, mwalimu, acha. Nilikaa na mkoba wangu, mjinga mimi, nikiogopa kumwaibisha mtu mzima, nikaacha mtoto ndiye aaibike. Hakulia. Alilifunika lile bega kwa kiganja, akarudi kwenye mstari, na hakukitoa kile kiganja mpaka mazoezi yakaisha.

Jumamosi mbili hakuonekana. Mwalimu akaanza kulalamika ati wazazi wa siku hizi hawajali sanaa. Tulikuwa twende kuigiza Bungoma, na hakukuwa na mtoto mwingine wa kuuweza wimbo ule. Mamake hakuwa na simu, wakati huo bado zilikuwa za wenye nazo, basi nikaenda Kibomet kwa miguu. Nikamkuta mlangoni akichambua maharagwe, ametoka kwa kibarua cha kupalilia. Hakunikaribisha ndani, na sikumlaumu.

"Fundi, huyu si yatima," akaniambia. "Mimi niko. Nalimia watu mpaka jioni ndio ale. Na huko Bungoma ndiko kwetu. Watu wetu wa Mabanga watakuja kumwona. Nimpeleke na matambara, waseme nini?"

"Hatavaa matambara, mama."

"Na huyo mwalimu wenu amekubali?"

"Mwalimu niachie mimi."

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, hiyo naijua, lakini mwalimu yule hakutaka hata kuuliza. Nikashona gauni la bluu lenye kola nyeupe, na mabega nikayapitisha mashine mara mbili. Nilishona na hasira hadi sindano ikavunjika.

Siku ya Bungoma, nyuma ya pazia, mwalimu alipoliona gauni macho yakamtoka.

"Fundi, unaniharibia mchezo. Leta makasi, kata hapo begani."

Msichana akaniangalia. Nikatoa makasi, nikayaweka kwenye kiti, nikayakalia.

"Kama ni lazima kitu kikatwe leo," nikamwambia, "tuanze na hiyo skafu yako."

Nesi akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Huko mbele kinanda kilikuwa kimeanza, mtoto akapita.

Alikuwa amefundishwa aimbe akiangalia dari, kama mtu anayetafuta. Hakuangalia dari. Alimtafuta mamake, akamwona mstari wa tatu, kati ya nyanya na mashangazi waliotoka Mabanga, na wimbo wote akamwimbia yeye. Mama yule aliketi wima, mikono magotini, kitambaa kipya kichwani. Hakumwondolea mtoto wake macho hata mara moja.

Makofi hayajaisha, mwalimu akanijia akihema.

"Umeona sasa? Hana uchungu hata kidogo. Anaimba kama mtu anajua mamake ako wapi."

"Anajua," nikamwambia, nikainuka nikachukua makasi yangu.