Kuku Aliyenirudisha Kazini

Nilipostaafu kabla ya wakati, walimu wenzangu huko Kitale walidhani nimerogwa. Nilikuwa nimechoka tu. Kwa miaka mingi, kila Ijumaa nilipanda lori la mahindi hadi nyumbani Bungoma kumwosha na kumlisha baba yangu aliyepooza. Na baada ya kumzika, nikamwuguza kaka yake, aliyeugua kwa ufasaha zaidi. Naye alipotutoka, nilijiambia kwamba mtu aliyehitimu chuo kikuu anastahili kuketi kwenye kiti chake na kutazama mvua ikinyeshea shamba lake.

Nilikikalia kwa majuma machache. Kisha mama mkwe wangu akateguka nyonga kule Cheptais.

Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe hawaonani. Ni heshima, na shahada haimwondolei mtu heshima. Kwa kawaida asingelala kwangu, lakini hospitali ilikuwa karibu nasi, na wazee wakakubali ilmradi tusikutane uso kwa uso, na maneno yetu yapitie kwa mtu wa tatu. Nilipokuwa Kitale, desturi hiyo haikunisumbua. Sasa ilinihamishia ghalani. Mama akikohoa kuashiria kwamba anatoka chumbani, mimi niliruka dirishani. Kutwa nilikaa juu ya magunia ya mahindi, nikitafakari utulivu, na kiti changu kiko kitupu sebuleni.

Siku moja mke wangu alikuwa sokoni Malakisi. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya ukuta wa jiko, na bakuli la uji mkononi, niliposikia sauti kutoka upande wa pili:

"Wewe kuku, mwenye hii nyumba yuko hapo?"

Kuku hakujibu. Nikakohoa.

"Basi muulize, hiyo shule ilimkosea nini?"

"Kuku," nilisema, nikimwonea kuku haya, "mwambie mama nimeuguza wazee miaka mingi. Sasa ninapumzika."

"Anapumzika wapi? Kwa ghala, na panya? Ati msomi! Kuku, mwambie mimi nimefungwa. Daktari alisema niote jua, nitembee hapa uani. Nitatembea aje na mkwe amejaa kila mahali kama moshi? Nikitoka, yeye anaruka. Siku moja atavunjika mguu, halafu msichana wangu atauguza wawili!"

Kuku akadonoa punje, akaenda zake. Tukabaki kila mtu upande wake wa ukuta, bila mkalimani, kwa heshima kubwa.

Uji ulipoa mkononi. Wagonjwa wangu wote walikuwa wamenihitaji niwepo. Huyu alihitaji niondoke, nami sikuwahi kufikiri kwamba kuondoka nako ni uuguzi.

Jumatatu nilikuwa Kitale, mbele ya mwalimu mkuu, ambaye alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanirudishia darasa langu.

Niliporudi nyumbani Jumamosi, nilisimama langoni nikakohoa. Ndani nilisikia fimbo ikigonga sakafu kwa hatua imara, kisha kamba za kiti changu zikilia.

"Kuku," ikasema ile sauti, "mwambie azunguke nyuma. Hapa pana mtu."