Lokole ya tonton

Leo nimeliza majirani juu ya kufa kwa mjomba, tonton yangu.

Tonton iko muzima. Alikuwa ndani, anakula pondu, majani ya muhogo.

Munajua kila juma natafutaka kitu ya zamani ya kuwaonyesha hapa. Bon, kwa tonton, kule mutaa ya Mangobo, nikakuta lokole, ile ngoma kubwa ya mti. Nikaipiga kidogo, juu ya video tu.

Kumbe siku hizi wanaipigaka tu mutu akikufa!

Majirani wakaingia mbio na viti. Mama mumoja akajitupa chini: "Alikuwa mutu muzuri!"

Alors, tonton akatoka, sahani mukononi.

Mama akaamuka, akajipanguza vumbi.

Nikataka kufuta video. Tonton akakatala:

"Acha! Nataka kuona nani hakukuja."

Basi andikeni sababu zenu hapa chini. Nitamusomea.