Mchumba wangu ameacha majibu ya wagonjwa wazi

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana na yeye anafuata hii page. Mimi ni dada wa miaka 28, napanga Kitengela. Natengeneza app za simu pamoja na mchumba wangu, kijana wa Nkoroi ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui".

Kliniki moja ya Kisaju ilitupa kazi: wagonjwa waone majibu ya vipimo kwa simu. Wakati wa majaribio, seva yetu ilijitambulisha kwa simu kwa cheti cha usalama tulichojitengenezea wenyewe, na simu zikakikataa, kama inavyotakiwa. Nikamwambia tukiweke kwenye simu zetu mbili za majaribio tu. Bwana mkubwa akaona hiyo ni kazi nyingi. Akaiagiza app ikubali cheti chochote, cha mtu yeyote. Ni sawa na kumwambia soja wa geti amruhusu kila mwenye karatasi mkononi.

"Hiyo ni ya testing tu, nitatoa," alisema. Hakutoa. App ikaenda kwa watu hivyo hivyo, naye akapigiwa makofi kanisani akimshukuru Mungu kwa hekima. Hekima!

Nilipogundua, nilimwambia aingie kwenye app akitumia wifi yangu. Laptop yangu ikajifanya seva kwa cheti bandia, nikamsomea nenosiri lake lote. Nilidhani ataona haya. Akacheka. "Sasa babe, nani huku Kisaju anajua hizi vitu? Ni wewe tu. Si unyamaze basi?"

Kurekebisha kunataka app izimwe siku mbili, na hataki kliniki iulize kwa nini. Nimemdharau tangu siku hiyo hadi leo. Najidharau pia, kwa sababu wiki ya pili hii nimenyamaza kweli.

Jana nesi mkuu alinipigia. "My dear, Jumatatu tunaingiza wale wa ARV. Wengine hata mabwana zao hawajui. Iko safe, ama?" Nikasema nitampigia.

Mchumba wangu amesema nikifungua mdomo nisahau ndoa. Jumamosi wazee wao wanakuja kwa baba kwa ruracio, kuzungumzia mahari, na mama ameshaalika ukoo mzima.

Nishaurini, nimwambie nini nesi? Na wewe unayetaka kuniandikia nivumilie, eti wanaume ni wachache, weka kwanza majibu yako ya vipimo hapa chini tuyasome sote.