Bihu Mbili Ukumbi Mmoja

Polisi walipoingia ukumbini walikuta damu kwenye sinia la pitha, vile vitumbua vyetu vya mchele.

Damu ya kaka yangu.

Naitwa Nirmali. Kwetu ni Assam, India, ila huu ni mwaka wa kumi na moja niko Leeds, Uingereza, napika kwenye jiko la hospitali. Yalitokea Aprili, siku tuliyokutana kusherehekea Bihu, mwaka mpya wetu.

Nina kaka wawili hapahapa Leeds. Khagen ndiye mkubwa, mpiga ngoma. Rupam anamfuata, mpuliza pembe ya nyati. Zamani wakipiga pamoja, hata majirani Waingereza walitoka nje kutingisha viuno na mbwa wao mkononi.

Halafu siku moja, kwenye kikao cha chama chetu cha watu wa Assam, Khagen akamzaba Rupam kofi mbele ya watu.

Kisa? Bihu ifanyike tarehe yake au isubiri Jumamosi. Basi.

Chama kikapasuka vipande viwili. Miaka mitatu, kila mmoja na Bihu yake, ukumbi wake, watu wake.

Mama kule nyumbani Jorhat, Assam, alikuwa akipiga simu ya video kila Bihu. "Nirmali, mbona kaka zako nawaona kwa zamu? Wamegombana?"

"Hapana, Ma. Mwenzake yupo jikoni."

Mwaka huo tarehe yenyewe ikaangukia Jumamosi. Basi siku hiyo, saa saba mchana, Khagen yuko jukwaani, ngoma shingoni. Mlango ukafunguliwa. Rupam huyo! Nyuma yake watu kama arobaini, watoto, masufuria.

Khagen akashusha fimbo ya ngoma.

"Umefuata nini hapa?" Khagen akauliza.

"Ukumbi. Kule kwetu bomba limepasuka, tumepigiwa simu tuje huku. Wewe ndo umefuata nini?"

"Mdogo wangu, geuza hao watu wako mrudi mlikotoka."

"Nani mdogo wako? Unataka unizabe tena? Njoo basi, leo mikono yangu haipo mfukoni."

Mtu mmoja akacheka. Hapo ndipo kiliponuka.

Khagen aliruka kutoka jukwaani. Fimbo ya ngoma ikatua mdomoni mwa Rupam. Nilisikia jino likivunjika, kweli nililisikia. Rupam hakurudi nyuma hata hatua moja. Alimtwanga Khagen kwa pembe sikioni, mara mbili, mpaka pembe ikapasuka. Damu ikaruka hadi mezani, kwenye vyakula.

Viti vikaanza kupaa. Watu waliokuwa wakishoneana nguo za Bihu wakavutana nywele. Watoto wakajificha chini ya jukwaa wakipiga mayowe.

Nikajitosa katikati. "Acheni! Mtauana!"

Kiwiko kikanipata puani. Nikakaa chini bila kupenda.

Nikiwa palepale sakafuni nikamwona Khagen akimsukuma Rupam kwa nguvu zake zote. Nyuma ya Rupam palikuwa na jiko la gesi, na karai la mafuta yanayochemka.

Mafuta yakammwagikia Rupam mkono wa kulia. Kuanzia begani mpaka vidoleni.

Ile harufu bado naisikia nikiwa kazini.

Polisi walimshikilia Khagen siku mbili. Rupam akagoma kumshtaki, wakamwachia. Sikio la kushoto la Khagen lilikuwa limekufa.

Lawama zote zikamwangukia Zbigniew, msimamizi wa ukumbi. Eti amepangisha makundi mawili siku moja. Yeye akaapa kwamba kuna mwanamke alimpigia, akamwambia ni familia moja, sherehe moja. Nani amwamini? Mabosi wake wakaanza kumwandalia barua ya kumfukuza kazi.

Yule mwanamke ni mimi.

Mimi ndiye niliyempigia Zbigniew. Mimi ndiye niliyempigia katibu wa kundi la Rupam, sauti nimeibana puani, nikamdanganya bomba limepasuka. Nilijisemea, wakikutana uso kwa uso siku ya Bihu, wataona haya, watakumbatiana, yataisha.

Nilienda kwa mabosi wa Zbigniew nikasema kila kitu. Akabaki kazini.

Kisha nikaenda wodini. Nikamkuta Khagen amekaa kitandani kwa Rupam, anamlisha wali kwa kijiko. Wote wawili wanalia, wanacheka.

Ningeweza kunyamaza. Nikasema.

Khagen akaniomba nirudie, nimsogelee upande unaosikia. Nikarudia, neno kwa neno.

Rupam akaangalia bandeji yake. "Toka."

"Kaka, nilitaka tu..."

"Dada, umeambiwa utoke," Khagen akasema, bila hata kupandisha sauti.

Bihu iliyofuata ilikuwa moja. Nasikia ilifurika mpaka barabarani. Mimi nilikuwa zamu, namenya viazi.

Ndugu zangu, ukitaka kupatanisha watu, waulize kwanza kama wako tayari. Ukiwafungia chumba kimoja kwa hila, amani inaweza kuja kweli. Ila wewe utabaki nje ya mlango.