Mbuzi Aliyekula Kavera

Juzi, nikiwa katika duka la dawa za mifugo pale Ruti, mama Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alifungua kitambaa juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na makavera, ile mifuko ya plastiki, yaliyosokotana kama kamba.

"Hii ilitoka mu tumbo ya mbuzi yangu yenye ilikufa. Ile ingine sasa iko navimba. Munipe dawa."

Muuzaji akatikisa kichwa. "Mama, hii haina dawa. Chinja tu haraka."

"Iko na mimba." Akayatazama makavera. "Mutoto naye iko na kavera mu tumbo?"

"Hapana. Mtoto anazaliwa safi."

"Basi nitangoja azae." Akafunga kitambaa, akatoka.

Nilimwombea mwanambuzi huyo azaliwe salama. Lakini atakula wapi, ikiwa malisho tumeyajengea, na yaliyobaki tumeyatupia taka?