Anapikia mamia, mama yake hamalizi sahani

Jumanne saa kumi na moja jioni, Edina Ndomba anaegemeza ukutani mwiko mrefu kama kasia, anavua aproni iliyolowa mvuke na kunusa vidole vyake. Vinanukia maharage. Vitanukia maharage hadi kesho.

Nyuma yake, masufuria makubwa yaliyolisha wanafunzi zaidi ya mia nne yamelowekwa maji. Hakuna kilichobaki ndani yake. Wanafunzi wa bweni hawabakizi.

"Hapa sijawahi kuona sahani inarudi na chakula," anasema, huku akijitanda khanga kujikinga na baridi ya Julai. "Ndiyo maana roho inaniuma. Watoto wa watu wanamaliza. Mama yangu mzazi, niliyemfuata ziwani mwenyewe, hamalizi."

Edina, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mpishi katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa mji wa Mbinga. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka tisa, kwa mshahara usiofika laki mbili kwa mwezi. Akitoka kwenye jiko la shule, anakwenda moja kwa moja kwenye jiko la pili, la nyumbani kwake, kibanda cha matofali kilichotengana na nyumba kwa hatua chache.

Humo, karibu na mafiga, kwenye kigoda, ndimo anamoshinda mama yake, Gertruda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewalisha?"

"Nimewalisha."

"Wameshiba?"

"Wameshiba, mama. Na wewe leo utashiba."

Gertruda anasogeza kuni na kutazama mlango wa magharibi, ambako vilima vimesimama na kuficha kila kitu kilichoko chini yake.

Chini ya vilima hivyo, upande wa ziwa, huko Mbamba Bay, ndiko alikozaliwa, akaolewa, akazaa na akabaki mjane. Mumewe alikuwa mvuvi, na yeye alilima muhogo na kuanika usipa, dagaa wa ziwa hilo, juu ya vichanja. Mwezi wa tano alianguka akipanda kutoka ufukweni na ndoo ya maji kichwani. Alikaa pale chini mpaka majirani walipotoka kanisani. Edina alipopigiwa simu, alishuka siku hiyohiyo.

"Nilimkuta amefungwa kitambaa mguuni, anacheka," anakumbuka. "Ananiambia, ndoo imepasuka, mimi mzima. Nikamwambia, mama, hapa huna mtu. Twende juu."

Mguu ulipona. Lakini kadiri mguu ulivyopona, ndivyo Gertruda alivyozidi kupungua. Gauni la kanisani lililomkaa vizuri mwezi wa sita sasa linaning'inia mabegani. Katika zahanati hawakuona ugonjwa. Walisema ale vizuri.

Edina akaamua kwamba mama yake atakula vizuri kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

Wiki hii ilianza hivyo. Jumatatu alipitia sokoni akanunua vipapatio vya kuku, akavipika taratibu katika sufuria ndogo ya pembeni. Katika sufuria kubwa aliunga upya maharage ya Jumapili kwa majani ya maboga. Ugali wa jana, uliokuwa umekauka, aliukata vipande na kuvibanika juu ya makaa mpaka vikafanya ganda la kahawia.

Kuku alikuwa wa mama. Kiporo kilikuwa cha wengine.

Gertruda alinyoosha mkono kuelekea kipande cha ugali kilichokuwa kikitoa moshi kwenye makaa. Edina aliusogeza mkono ule kwa upole, akamwekea mbele sahani ya kuku na wali.

"Hicho cha jana, mama. Chako hiki hapa."

Aidan, mwanawe mwenye miaka tisa, alikuwa akivitazama vipapatio bila kupepesa. "Mama, Bibi kwake Krismasi kila siku?"

"Nyamaza, ule."

"Nauliza tu."

Kutoka sebuleni, Salvatory, mume wa Edina, alikohoa kwanza kama inavyompasa. Mkwe haingii alipoketi mama mkwe, wala hali naye, kwa hiyo chakula chake hupelekwa ndani. "Mama Aidan," aliita, "mimi niliyetoa ng'ombe napewa maharage ya Jumapili. Naomba na mimi nianguke na ndoo."

Jikoni watu walicheka. Hata Gertruda alicheka, akiwa ameziba mdomo kwa khanga. Lakini sahani ilipoondolewa, vipapatio viwili kati ya vitatu vilikuwa bado vimo. Vilikwenda kwa Aidan.

Jumanne maharage yaleyale yaliingia kwenye mahindi yaliyochemshwa, yakawa makande. Mama akapikiwa wali na mayai. Jumatano Edina alimtuma mtu stendi kupokea samaki aliyeletwa na gari la asubuhi kutoka Mbamba Bay. Alikuwa mbasa mkubwa, na Edina alimpika kwa nyanya na chumvi tu, kama alivyofundishwa na Gertruda mwenyewe akiwa msichana.

Alikuwa na uhakika na samaki huyo. "Nilisema moyoni, huyu akimshinda, mimi sina tena ujanja."

Gertruda alinusa mchuzi kwa muda mrefu, macho yake yakiwa yamefumbwa. Akaonja.

"Huyu amesafiri kuliko mimi," alisema. "Ila mchuzi ni wenyewe."

Kisha akasimulia, bila kuulizwa, jinsi upepo wa mwezi huu unavyoyachafua maji mpaka mawimbi yanasikika kitandani. Alisema huku juu usiku ni mzito kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni, kwa sababu hakuna kinachopumua nje. Alisema maji ya huku yanakaa ndani ya bomba. Aliposimulia hayo yote, samaki alipoa. Alikula nusu.

Edina alitoka nje kuosha vyombo, na huko alilia. Anakiri kwamba hakulia kwa ajili ya mama peke yake. Yeye pia ameishi vilimani kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na mchuzi ule ulimkumbusha asubuhi za utoto, wakati mama aliporudi kutoka kwenye vichanja na kugawa mchuzi wa jana ulioganda kama mafuta ya kujipaka, kila mtoto na kipande chake cha ugali wa muhogo, kabla ya kwenda shule.

"Hakukuwa na kitu kitamu kuliko kile," anasema. "Wageni walikuwa wanapikiwa chakula kipya. Sisi tulikuwa tunakula kile."

Aliyasema hayo Jumamosi. Jumatano bado alikuwa hajaona maana yake.

Alhamisi gari la unga lilichelewa kufika shuleni, na wapishi wakabaki kulisubiri. Edina alifika nyumbani giza likiwa limeanza kuingia. Kutoka uani alisikia harufu ya ugali unaobanikwa.

Ndani, Gertruda na Aidan walikuwa wameinamia bakuli moja. Makande yaliyobaki yalikuwa yamekaangwa kwa kitunguu. Pembeni ulikuwapo mchuzi wa mbasa wa jana, na bibi alikuwa akichovya kipande cha ugali chenye ganda jeusi na kukitafuna kwa upande wenye meno.

"Bibi, umechukua kile kikubwa," Aidan alilalamika.

"Ungekuwa na mikono mirefu ungekiwahi."

Edina alisimama mlangoni. Alichoona si mama anayekula. Aliona mama mgonjwa analishwa mabaki na mtoto, katika nyumba ambayo binti yake ni mpishi.

"Mama! Hicho kiporo!"

Aliliinua bakuli kutoka katikati yao, akalipeleka sebuleni kwa mumewe, akarudi na kuinjika wali. Aliomba radhi kwa kuchelewa, mara mbili, mara tatu. Gertruda alifuta vidole vyake kimoja kimoja. Wali ulipoiva, hakuugusa.

"Jumamosi nitafutie gari," alisema. "Nirudi kwangu."

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Mmenitunza. Asanteni sana."

Edina anasema neno hilo la shukrani lilimkata kuliko tusi. Mama hajawahi kumshukuru kwa chakula tangu azaliwe.

Ijumaa Edina alikoroga uji wa wanafunzi bila kusema na mtu. Mchana alimpigia Joakim, dereva wa bodaboda wa mtaani, aje Jumamosi asubuhi ampeleke mama stendi. Alifikiri juu ya nyumba ile ya ziwani yenye bati linalovuja, juu ya njia ya ufukweni yenye mawe, na juu ya siku ambayo majirani watachelewa kutoka kanisani.

Jioni hakupitia sokoni. Hakuwa na nguvu ya kuchagua nyanya. Aliketi chini jikoni, mgongo ukutani, mafiga yakiwa ya baridi.

"Niambie kosa langu," alimwambia mama yake. "Nimepika kila ninachokijua."

Gertruda alisogeza kigoda chake karibu naye. Kwao, mtu aliyepewa chakula hakisemi vibaya.

"Unapika vizuri," alisema hatimaye. "Ila tangu nimefika hapa ninakula kama askofu aliyekuja kutoa kipaimara. Sahani yangu peke yangu, kijiko changu peke yangu, nyinyi mnanitazama. Na askofu akimaliza kula, watu wanasubiri gari lake liwake."

"Mama, hakuna anayesubiri uondoke!"

"Nimekulea kwa kiporo, Edina. Kiporo ni cha wenye nyumba. Kila jioni naona mnagawana cha jana, mnagombania ukoko, mimi nimewekewa cha leo. Nikasema, sawa, nimeelewa. Mimi hapa ni wa leo tu."

Kutoka sebuleni Salvatory alikohoa.

"Mama mkwe amesema kweli," sauti yake ilisikika, "na mimi nilikuwa naomba tubadilishane tangu Jumatatu."

"Mwambie mumeo ananyemelea maneno ya wakwe," Gertruda alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alicheka bila kuziba mdomo.

Katika kabati kulikuwa na wali ule wa Alhamisi ambao hakuna aliyeugusa, na kiganja cha dagaa waliosalia chini ya mfuko. Gertruda ndiye aliyewasha moto. Aliukaanga wali pamoja na dagaa na pilipili, akamgombeza Edina kwa kukata vitunguu vinene kama vya wanafunzi, akamimina vyote katika bakuli moja, akaliweka sakafuni katikati yao. Walikula kwa mikono mpaka walipofika kwenye bati la bakuli.

Lakini kula ni kitu kimoja na kukaa ni kingine. Edina hakuthubutu kumpigia Joakim kumwambia asije. Aliona ni haki ya mama yake kuchagua mwenyewe.

Jumamosi asubuhi pikipiki ilinguruma nje ya uzio. Mkoba wa Gertruda ulikuwa tayari karibu na mlango. Mwenyewe alikuwa jikoni, amevaa gauni la kanisani, anakwangua ukoko wa uji.

"Bibi, shikamoo! Twende, gari linajaa," Joakim aliita.

"Marahaba. Wewe ndiye unayeendesha kitu hicho?"

"Ndiyo mimi, Bibi."

"Basi zima, unatupotezea mafuta. Siendi leo."

Edina, aliyekuwa ameshika khanga ya kumfunga mama yake kifuani kwa ajili ya baridi ya njiani, alibaki ameishika.

"Kesho Jumapili," Gertruda aliendelea, akimtazama binti yake. "Mtapika chungu kikubwa, mnakijua kipimo? Jumapili iliyopita mlipika maharage ya wiki nzima. Hakuna anayehesabu humu ndani. Nitakaa niwapimie."

Hakusema atakaa mpaka lini, na Edina hakuuliza.

Bado kila jioni mzee huyo hugeukia magharibi. Bado husema usiku wa Mbinga haupumui. Edina haamini kwamba bakuli la wali wa kukaanga linaweza kuziba nafasi ya ziwa zima, na hataki mama yake asahau kwao.

Mpango wake ni huu. Shule zikifungwa mwezi Desemba, na kahawa ya shamba la Salvatory lililoko Kitura ikiwa imekwisha kuuzwa, familia nzima itashuka na kukaa ziwani mwezi mzima. Salvatory ameahidi kubadilisha bati. Aidan ameahidi kuogelea, ingawa hajui. Edina mwenyewe anataka kulala karibu na dirisha.

Kuhusu Januari, wakati wa kupanda tena vilima, anapunguza sauti ili isifike jikoni, ambako Gertruda anamfokea Aidan kwa kumwaga mchuzi.

"Safari hii sitamwambia twende juu," anasema. "Nitaanza tu kufunga mizigo yangu, taratibu, nikimtazama. Nikiona na yeye anakunja gauni lake, nitajua."