Mlima Hauna Koo

Siku ile ya mkutano wa wazazi naikumbuka mpaka rangi ya kitenge alichovaa mama yangu. Kilikuwa cha kijani chenye maua ya njano yaliyoanza kupauka, na alikuwa akikitoa sandukuni kwa kwenda kanisani tu au kwa jambo zito. Siku ile alikivaa kuja shuleni, mwanangu, kwa sababu mwalimu wa jiografia wa shule ile alikuwa mwanawe wa kumzaa, yaani mimi. Nitakueleza yaliyompata mama. Jambo hili nimelikalia zaidi ya miaka arobaini, na leo nisingelitoa kama usingekuja hapa nyumbani Nzuguni Jumapili iliyopita ukanichekesha.

Unakumbuka ulichonisimulia. Wewe ni afisa ugani, umepangiwa Mlali, kwetu kabisa, na mimi nilifurahi kuliko wewe. Ukaniambia kwamba kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja alisimama akasema mbegu zisitiwe ardhini mpaka wingu lishuke lifike kiunoni mwa mlima. Nawe ukamjibu, "Mzee, kumbe mlima una kiuno?" Watu wakacheka, mzee akakaa. Mimi nami nilicheka na wewe, mpaka mama yako akaja kuuliza kuna nini. Ulipoondoka chakula kilinishinda, kwa sababu kicheko kile nilikijua. Kilikuwa changu, na sijui umekirithi vipi wakati sikuwahi kukuonyesha.

Sasa soma barua hii mpaka mwisho, na usiishie njiani kama ulivyozoea.

Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa na miaka ishirini na sita, viatu vyeusi jozi moja, na mlima mmoja kichwani. Mlima wenyewe ni Matterhorn, uko huko Ulaya kwenye milima ya Alpi, mpakani mwa Uswisi na Italia. Mkufunzi wetu alikuwa na picha yake ukutani na mimi niliipenda picha ile kama watu wanavyopenda wachumba. Haukuwamo hata kwenye muhtasari wa kufundishia shule ya msingi. Lakini mimi kila mwaka nilitafuta sababu ya kuuchora ubaoni, kwa chaki nyeupe na ya buluu, na mkaguzi akija ndiyo kabisa.

Nilijua kila kitu. Urefu wake ni mita elfu nne mia nne na sabini na nane. Una pande nne, na barafu iliutafuna pande zote kwa maelfu ya miaka mpaka kikabaki kilele chembamba. Nilijua kwamba mawe ya juu yake, wataalamu wanasema, yana asili ya upande wa Afrika, yalisukumwa mpaka huko ardhi ilipojikunja zamani zile. Hapo wanafunzi walikuwa wakipiga makofi. Nilijua habari za watu saba wa kwanza kufika kileleni, na jinsi kamba ilivyokatika wakati wa kushuka, wanne wakapotea, watatu wakarudi na habari. Nilijua jinsi wingu linavyojishika upande mmoja wa kilele chake likapepea kama bendera wakati upande wa pili ni jua kali.

Na nilijua hili, ndilo uliweke akilini: kule kwenye Alpi upepo wenye maji ukifika mlimani hupanda, hupoa, humwaga mvua upande ule ule uliofikia. Ukivuka kilele unakuwa umeshaishiwa, unashuka mkavu. Kwa hiyo kuna mabonde huko, katikati ya milima yenye barafu, ambayo ni makavu, na wakulima wake tangu zamani wamechimba mifereji kwenye majabali kuleta maji yanayotoka kwenye barafu. Tunaita kivuli cha mvua. Nilikuwa nachora mishale, ya buluu ikipanda na ya njano ikishuka. Wanafunzi walinakili, mimi nikapita na kalamu nyekundu kusahihisha.

Dirisha la darasa lilitazama mashariki. Nikiinua macho kutoka ubaoni nilikuwa naiona milima ya Ukaguru. Sikuwahi kuichora hata siku moja, wala sikuwahi kuipanda.

Haya, mkutano. Mwaka ule shule ilitaka kulima shamba la uji wa wanafunzi, na mwalimu mkuu akaita wazazi watoe mawazo. Mimi nilikuwa nimeshaleta mbegu ya mahindi kutoka mjini, nikatoa maelezo marefu yenye maneno ya chuoni. Watu wakaitikia. Kisha mama akanyanyua mkono.

Unajua bibi yako Kiswahili alikijulia ukubwani. Kigogo alikimwaga kama maji, lakini Kiswahili alikitafuta neno moja moja, tena mbele ya watu. Alisimama, akashika ncha ya kitenge chake, akasema, "Mlima huu unakunywa mvua. Mvua inatoka kule kwa jua kuamka. Mlima unakunywa kwanza. Sisi unatuachia upepo. Walimu, pandeni uwele."

Ningeweza kuuliza. Mwanangu, ningeweza tu kumuuliza kwamba mama, unajuaje? Badala yake nilitabasamu, nikawageukia wazazi, nikasema, "Mama, mlima hauna koo."

Ukumbi ulilipuka. Hata mwalimu mkuu alitoa leso akajifuta macho. Mama alibaki amesimama kidogo, kama mtu anayesubiri kumalizia sentensi, halafu akakaa. Alivuta kitenge kikafunika magoti, ingawa magoti yalikuwa yameshafunikwa.

Tangu siku ile hakuniita tena mwanangu. Aliniita mwalimu. Si kwa hasira, maana hakuwa mtu wa hasira, aliniita hivyo kwa heshima kabisa. "Mwalimu, maji ya kuoga tayari." "Mwalimu, umeamkaje?" Na mimi mpumbavu nilidhani ananipandisha cheo.

Nilipompelekea mbegu ya mahindi kwa ajili ya shamba lake mwenyewe aliipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Haya, mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma." Akapanda shamba zima.

Hapa ndipo napata tabu kuendelea. Jikoni kwake, juu ya moto, yalikuwa yananing'inia masuke ya uwele yaliyokuwa meusi kwa moshi. Ilikuwa mbegu aliyopewa na mama yake siku anaolewa, na mama yake aliipata kwa nani sijui, sikuuliza. Uwele wenyewe ulikuwa na nywele ndefu, ndege waliuogopa, na uliwahi kukomaa kuliko wa majirani wote. Kila mwaka alikuwa anachagua masuke bora anayapandisha pale pale. Mwezi ule walimu wenzangu watatu walikuja kunitembelea, unga wa nyumbani ukawa umekwisha. Nikamwambia mama ayashushe masuke yale ayatwange. Yana kazi gani tena, nikasema, sasa hivi tunalima mahindi. Aliniangalia, akaangalia juu, akapanda kwenye kigoda akayashusha. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na wenzangu wakasifu sana. Mimi niliomba kuongezewa.

Mvua ilianza vizuri mwaka ule, nikatembea kijijini nimetanua kifua. Mwezi wa pili, mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele, ikakatika. Siku kumi, ishirini, mwezi. Kila mchana mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya milima, meusi, watu wanatoka nje kuyatazama, na huku kwetu ukaja upepo wa vumbi tu. Mahindi yalijikunja, yakapauka, yakasimama vile vile yamekufa. Waliopanda uwele walipata kidogo, cha kushikia roho. Mama hakupata hata debe, na shamba la shule vile vile. Mshahara nilikuwa nao, lakini maduka ya kijiji yalikuwa matupu na magari hayakuja.

Mama akaenda kuhemea. Sijui kama vijana wa siku hizi mnalijua neno hilo. Ni kwenda mbali wakati wa njaa kutafuta chakula kwa wenye nacho, unawalimia, unawapalilia, wanakupa ujaze kikapu. Alikwenda na wanawake wenzake, wakavuka milima kwa miguu kwenda upande wa pili. Mama wa mwalimu, mwanangu, alikwenda kupalilia mashamba ya watu. Hakuniaga kwa maneno mengi. Alisema, "Mwalimu, kuku wafungiwe mapema," akaondoka.

Siku ya tisa nilishindwa kukaa. Nikaomba ruhusa, nikaanza kuupanda mlima ili nimpokee njiani. Nilipanda kwenye vichaka vilivyokauka, vumbi likanifika magotini, viatu vyangu vyeusi vikawa rangi ya udongo. Kadiri nilivyopanda hewa ilipoa. Nilipofika juu kwenye mgongo wa mlima nilisimama pale pale.

Nyuma yangu kulikuwa na nchi yetu yote, ya kahawia mpaka macho yanapokomea. Mbele yangu hatua chache tu kulikuwa na ukungu, na chini ya ukungu migomba, maharage, miti iliyokuwa ikidondosha maji. Wingu lilikuwa limejishika upande ule wa kilele, likipepea, na upande niliosimama mimi jua lilikuwa linaniunguza shingo. Ulikuwa mchoro wangu. Mishale ya buluu ikipanda, ya njano ikishuka, na kwenye mshale wa njano alikuwepo mama yangu na shamba lake. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mitatu kwa nini mabonde ya Wazungu ni makavu, wakati nao wameketi ndani ya bonde la namna hiyo hiyo, na mmoja tu aliyelitaja ndiye niliyemcheka.

Kisha nikawaona wanatokea kwenye ukungu. Mama alikuwa wa tatu, kikapu kichwani, kitenge kimelowa, miguu imejaa tope jeusi mpaka kwenye vifundo. Alisimama mbele yangu. Akatazama vumbi la miguuni kwangu, akatazama tope la miguuni kwake. Kisha akageuka akaonyesha lile wingu kwa kidevu, maana mikono ilikuwa imeshika kikapu.

"Mwalimu," akasema, "koo lake hilo."

Hakucheka. Angecheka ningepona. Nilipokea kikapu nikatangulia kushuka, na njia nzima sikugeuka nyuma kwa kuogopa kumtazama usoni.

Jioni ile, moto umeshawashwa, nilimfuata jikoni. Juu ya moto kamba ilikuwa inaning'inia tupu. Nilipiga magoti, nikamwambia mama nisamehe, wewe ulikuwa unajua na mimi nilikuwa sijui. Alikuwa anachambua maharage aliyokuja nayo. Alichambua kwanza, akamaliza ungo, ndipo akasema, "Nimekusikia, mwalimu. Lakini hapa jikoni hakuna mtu aliyenicheka."

Nilielewa mara moja. Usije ukadhani sikuelewa.

Mkutano wa wazazi uliofuata alikuja, na kitenge kile kile, akakaa pale pale. Mwalimu mkuu aliniita niseme neno. Nilisimama. Mama alinyanyua uso akanitazama, na nadhani kila alichokuwa akikisubiri duniani kilikuwa kwenye uso ule. Nikazungumza habari za madawati. Nilieleza upungufu wa madawati, nikashukuru wazazi kwa ushirikiano, nikakaa. Sikutazama upande wake tena mpaka watu wakatawanyika.

Nilihamishwa shule, nikaenda upande wa Mtera, nikaoa, nikazaa. Mama alilima tena uwele, kwa mbegu ya kuomba kwa jirani, akawa anasema ndege wanaumaliza. Alipofariki wasifu wake niliusoma mimi. Nilisema alikuwa mkulima hodari, watu wakaitikia, na hata pale mbele ya jeneza sikusema. Ndiyo maana ulipozaliwa nilikupa jina lake, Sechelela, nikitumaini hilo litatosha. Halikutosha.

Naona aibu kukuandikia haya. Nilitaka unijue kama baba mwenye akili.

Sasa nasaha yangu. Sikwambii kwamba kila asemalo mzee ni kweli. Huenda wingu la yule mzee na kiuno cha mlima wake havina maana yoyote, utapima mwenyewe kwa elimu yako, ndiyo uliyoisomea. Lakini kabla ya kumjibu muulize ameona nini na mara ngapi. Anayekosa maneno ya kitabu anaweza kuwa amekitazama kitu chenyewe miaka sitini. Na ukishamwaibisha mtu mbele ya watu, usimfuate nyumbani kwake kumwomba radhi kwa sauti ya chini ukaona umemaliza. Rudi pale pale, mbele ya wale wale waliocheka, useme kwa sauti ile ile uliyomchekea. Ukichelewa siku moja, siku ya pili inakuwa nzito zaidi. Mimi nimeijua hiyo kwa miaka arobaini.

Umeniambia Alhamisi mna mkutano mwingine Mlali. Nitapanda basi na wewe. Ukishamaliza na mzee wako, mwombe mwenyekiti anipe dakika mbili nisimame. Wengi waliocheka na mimi wameshakufa, najua, na vijana watajiuliza huyu babu anamsemea nani. Nitasimama hivyo hivyo, niseme kwamba mama yangu alikuwa sahihi na mimi nilimcheka.

Mungu akupe macho ya kuona unachokichora, na ulimi unaowahi kuomba radhi kuliko wangu. Akupe mvua kwa kipimo, na mbegu isiyokatika. Na siku zote apatikane mtu wa kukuita mwanangu, mwanangu.